Kabla hujajiita wakala wa nyumba na ardhi Kenya

Kumzungusha mteja na kumwonyesha nyumba hakuhitaji shahada. Kupokea amana yake, kumwakilisha mwenye ploti na kujadili bei kwa niaba yake ni jambo jingine, na hapo ndipo sheria inapokuuliza: wewe umesajiliwa?

Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu 1984, Sura ya 533. Kwa mujibu wake, anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi, au mwenye nyumba na mpangaji, kwa malipo, anafanya kazi ya uwakala hata kama ofisi yake ni simu tu. Akifanya bila usajili, adhabu ni faini isiyozidi shilingi 20,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno, kwani kamisheni ya ploti moja inaweza kuilipa na pesa zikabaki. Ni moja ya sababu mitaa yetu imejaa madalali ambao bodi haiwajui.

Msajili ni bodi ya usajili wa mawakala wa nyumba na ardhi, iitwayo EARB (Estate Agents Registration Board). Njia inayojulikana zaidi ni kusomea mali isiyohamishika au uchumi wa ardhi katika chuo kinachotambuliwa, kwa mfano Chuo Kikuu cha Nairobi, au kuwa mwanachama wa ISK, chama cha kitaaluma cha wapima na wathamini, katika tawi linalohusika. Bodi huangalia pia uzoefu wako wa kazi. Cheti cha kufanya kazi nacho huhuishwa kila mwaka.

Vijana huniuliza masomo yote hayo ni ya nini. Chukua shamba la ekari mbili kule Kiambu. Ikiwa eneo lile linasimamiwa na bodi ya udhibiti wa ardhi ya kilimo, mauzo bila kibali chake ni batili, na ombi la kibali hupaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Ikiwa ndani ya shamba hilo kuna nyumba ya ndoa, sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inataka ridhaa ya mwenzi pia. Wakala asiyejua hayo atachukua kamisheni yake, atamwacha mnunuzi na karatasi isiyo na nguvu, na mnunuzi yule huenda ameweka humo akiba yake yote ya chama. Mimi naliona hilo kuwa dhuluma, hata pale dalali mwenyewe hakukusudia.

Halafu kuna pesa. Kodi na amana za wateja hukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na akaunti ya ofisi. Usizichanganye hata kwa siku moja, hata mishahara ikichelewa. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha ya 2009 nayo inazihesabu ofisi zetu miongoni mwa zinazopaswa kumtambua mteja na kuripoti miamala ya kutiliwa shaka.

Usajili huu haukufanyi mthamini. Uthamini una sheria yake, Sura ya 532, na bodi yake, kwa hiyo usimwandikie mteja ripoti ya thamani ya kupeleka benki.

Na wewe mnunuzi, uliza jina la wakala mwenyewe pamoja na lile la kampuni, kisha lihakikishe kwa bodi kabla ya kutuma hata shilingi ya kushikilia nyumba.