Mida: kabla ya mgeni kukanyaga ubao

Natembeza watu wanaokuja kuangalia ndege hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu huku Watamu, pwani ya Kenya, na swali la kila siku ni "nije saa ngapi?" Jibu liko kwa maji. Yakikupwa kabisa ndege wametapakaa mbali huko matopeni, hata kwa darubini unaona vidoadoa tu, lakini yakianza kujaa yanawasukuma pole pole mpaka wanajibana mbele ya kibanda chetu cha kuangalilia, na hapo ndio unamuona yule mla kaa, mweupe mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Huyu anataga huko Oman na pwani za Ghuba, yai moja, ndani ya shimo alilochimba mwenyewe mchangani, halafu anashuka kwetu na mtoto wake, na mtoto bado analia aletewe kaa mdomoni.

Kufika kibandani unapita daraja la mbao la kuning'inia, mita 260 hivi, katikati ya mikoko, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968. Wanaohusika nalo ni A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, na mpango wao wa ASSETS ulioanza 2001, yaani kiingilio cha mgeni kinasaidia karo ya sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi aliyelipiwa mtoto na hao ndege, akisikia shoka kwenye mkandaa, aina ya mkoko, hanyamazi. Mimi naona hiyo inalinda kuliko bango lolote.

Sasa wafadhili. Pesa ya kujenga kitu kipya inapatikana haraka manake kuna kukata utepe na picha, lakini chumvi inakula misumari kila siku na hakuna anayekuja kupigia picha msumari. Asubuhi kabla ya wageni napita peke yangu nikigonga kila ubao kwa kisigino, mzima unalia "ko", ulioingia maji unalia "pu", huo nauwekea alama ya chaki. Daraja likifungwa wiki moja ni kiingilio cha wiki nzima kimeenda, na karo ya mtu imo humo. Kwa hiyo ukitaka kuchangia kituo kama hiki uliza zinahitajika mbao ngapi mwezi huu.

Na siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa jioni, kwa hiyo saa nane mchana uwe umeshakaa kibandani, kimya.