Kwa nini "Him is my brother" inakatwa alama

Kufuatia kuongezeka kwa malalamiko baada ya matokeo ya Kiingereza ngazi ya kwanza, Kitengo cha Mitihani kinatoa ufafanuzi ufuatao kwa wanafunzi na wazazi.

Wengi hujitetea kwamba Kiswahili hakitofautishi kiima (mtenda) na shamirisho (mtendwa), hivyo mwanafunzi aonewe huruma. Si kweli. "Mimi" na "yeye" havibadiliki, sawa, lakini tazameni ndani ya kitenzi: nilimwita, aliniita. Kiambishi cha nafsi kilicho kabla ya alama ya wakati ni kiima, na Kiingereza huandika I, he, she, we, they. Kilicho baada yake ni shamirisho: me, him, her, us, them, na mahali pake ni baada ya kitenzi. Ndiyo maana "Him is my brother" ni kosa: mahali pa kiima panatakiwa He. Basi nilimwita Juma ukimtaja kwa kiwakilishi ni "I called him"; Asha aliniita ni "She called me". You na it hazibadiliki. Baada ya kihusishi pia hutumika kundi la pili: with me, for them.

Ipo imani sugu kwamba I ina adabu kuliko me popote inapokaa. Haina! "The teacher called Neema and I" ni kosa. Mwondoe Neema usome tena, utalisikia mwenyewe. Vilevile "My father he works in Tanga" ina viima viwili. Baba ametosha.

Kuhusu alama: kiwakilishi kisicho sahihi hukatwa nusu alama. Kikirudiwa kilekile katika insha moja huhesabiwa mara moja, lakini kukosea him na kukosea them ni makosa mawili. Anayeandika he na him na kuweka mkwaju (/) katikati ili msahihishaji achague hupata sifuri kwa swali hilo, hata kama moja ni sahihi. "It is me" na "It is I" zote zinakubaliwa kwa sasa.

Rufaa huwasilishwa kwa fomu, ndani ya siku 14 tangu matokeo kubandikwa, ikiambatana na nakala ya stakabadhi ya malipo. Ada hairudishwi isipokuwa alama zikibadilika. Rufaa zinazotumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, au kwa simu ya mwalimu usiku, hazisajiliwi.