Vyanzo vya Sheria ya Roma: Kutoka Mbao Kumi na Mbili hadi Justinian

Kabla ya mwaka 451 KK Warumi waliishi kwa mila, na waliojua taratibu za kuendesha mashauri walikuwa makuhani kutoka koo za mabwanyenye. Watu wa tabaka la chini walidai sheria iandikwe ili isipindishwe, na madai hayo yakazaa Mbao Kumi na Mbili, zilizowekwa hadharani. Mwaka 287 KK, Sheria ya Hortensius ikayapa maazimio ya mkutano wa tabaka hilo nguvu ya kuwafunga raia wote.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, chanzo kilichoikuza sheria ya watu binafsi kuliko vingine ni tangazo la pretori, ofisa aliyesimamia mashauri kwa mwaka mmoja na ambaye, alipoingia madarakani, alieleza ni madai gani angeyapokea. Hakuwa na mamlaka ya kufuta sheria, lakini aliweza kuruhusu dai jipya. Mbao, kwa mfano, ziliweka fidia ya asi 25 kwa shambulio dogo, na thamani ya sarafu hiyo ilishuka mno baadaye. Mwandishi Mroma Aulus Gellius anasimulia habari za Lucius Veratius, aliyejifurahisha kwa kuwazaba makofi watu huru, huku mtumwa akimfuata na mfuko wa pesa na kumlipa kila aliyepigwa asi zake 25 papo hapo. Mapretori wakatangaza kwamba wangeteua watu wa kukadiria fidia ya makosa ya namna hiyo. Maneno ya Mbao hayakuguswa, ila yaliachwa bila kazi.

Mnamo mwaka 130 BK, kwa agizo la Kaisari Hadrian, mwanasheria Julianus alilipanga tangazo hilo katika sura ya kudumu, na tangu hapo sheria mpya zikazidi kutoka kwa makaisari. Maandishi ya wanasheria nayo yalitegemewa mahakamani, mpaka yakawa mengi na yenye kupingana. Mwaka 426 ikaamriwa kwamba hakimu afuate wengi kati ya wanasheria watano waliotajwa katika amri hiyo, na wakilingana, Papinianus, mmoja wao, ndiye ashinde. Kuhesabu kura za marehemu badala ya kupima hoja zao ni dalili ya elimu iliyodhoofika.

Mwaka 533 Kaisari Justinian alitoa Digesta, vitabu 50 vya madondoo ya wanasheria wa kale, vilivyokusanywa na jopo la mwanasheria Tribonianus kwa takriban miaka mitatu. Alipiga marufuku kuviandikia ufafanuzi, akitaka mabishano yakome, lakini yeye mwenyewe aliendelea kutoa sheria mpya, nyingi zikiwa kwa Kigiriki.