Margaret Rutherford na kazi ya mhusika wa pembeni, jukwaani na kwenye filamu

Wapo waigizaji wasiobeba hadithi mabegani, lakini wakitoka tu hadithi inapwaya. Anayetaka kujifunza kazi hiyo ningemwelekeza kwanza kwa Margaret Rutherford wa Uingereza. Alizaliwa London mwaka 1892, akafundisha piano na ufasaha wa kusema, na hakupanda jukwaa la Old Vic hadi mwaka 1925, akiwa na miaka 33. Kwa mwigizaji wa nafasi za mabinti wanaopendwa, huo ni umri wa kuanza kuachwa. Kwa nafasi zake ulikuwa mtaji. Mtu aliyezoea kufundisha wengine kutamka anajua pumzi inaishia wapi na irabu ipi ibebe sentensi, na katika nafasi yenye mistari michache hakuna mstari wa kupoteza.

Nafasi iliyomtambulisha kwa umma mpana ni Madame Arcati, mwita mizimu katika tamthilia ya Noël Coward, Blithe Spirit, mwaka 1941. Rutherford alisita kuikubali kwa sababu aliwaheshimu watu wanaoshughulika na roho na hakutaka kuwafanyia dhihaka. Mimi naamini kusita huko ndiko kulikoijenga nafasi. Arcati wake ni fundi aliye kazini: anakagua chumba, anachagua santuri, anajiandaa kwa mwili wote. Hachekeshi mtu. Wanaocheka ni watazamaji, kwa sababu yeye ana hakika na wao hawana.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwigizaji akishajua kwamba mstari unachekesha, uso humsaliti: nyusi zinapanda, anavuta kituo kirefu, anatupia jicho ukumbini. Hadhira itacheka mara moja, kisha itaacha kumwamini, na vicheko vya baadaye vitapungua. Dawa ni kuingia kila onyesho ukiwa na majibu ya maswali matatu: mhusika anataka nini, anakitaka kwa nani, na nini kinamzuia? Ukikosa jibu la swali la tatu, utajikuta unapamba.

Mwaka 1945 David Lean aliitoa Blithe Spirit kama filamu, na Rutherford akaicheza Arcati mbele ya kamera. Kuvuka huko si suala la kupunguza sauti tu. Jukwaani kicheko kinapanda, kinafika kileleni, kinaanza kushuka; mstari unaofuata uingie kinaposhuka. Ukiwahi, maneno yanazama. Ukichelewa, mwendo unakufa. Mbele ya kamera hakuna anayecheka siku ya kurekodi, na nafasi uliyoiachia kicheko itabaki shimo kwenye filamu. Ijaze kwa tendo ambalo mhusika ana sababu ya kulifanya: afunge kifungo, atafute kitu, amtazame mwenzake. Kwenye sinema watu watacheka juu ya tendo hilo na hawatakosa neno.

Tatizo jingine ni mfululizo. Onyesho lilelile hupigwa picha kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha upande wa mwenzako, na kila mara mkono uwe palepale, la sivyo mhariri hana pa kuunganishia. Funga kila tendo kwenye neno: kikombe kinyanyuke kwenye neno hili, kitue kwenye lile. Andika pembeni mwa muswada. Matendo mawili au matatu kwa hotuba moja yanatosha. Ukizidisha, kufikia marudio ya tano utakuwa umeshayachanganya. Kama kuna chakula, uma tonge dogo sana, maana utalirudia hadi jioni. Na usimkatize mwenzako anapopigwa kwa karibu, isipokuwa mwongozaji ameagiza, kwani sauti yako ikiingia juu ya yake haitatenganishwa kwa urahisi.

Maleba nayo yana siri yake. Kati ya 1961 na 1964 Rutherford alicheza Miss Marple, bibi mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, katika filamu nne za George Pollock. Christie alimwandika bibi huyo akiwa mwembamba. Rutherford alikuwa na mwili mpana na kidevu kinachotembea mbele yake. Hakujaribu kujikondesha kwa mbinu. Alivaa nguo zake mwenyewe, na mumewe, Stringer Davis, alicheza kando yake. Nguo iliyokwishavaliwa inajua mabega ya mwenyewe, ilhali nguo mpya humfanya mtu asimame kama yuko dukani. Kama huna budi kuvaa mpya, chukua viatu mapema uvifanyie mazoezi yote, maana mwendo huanzia miguuni. Mkoba nao utiwe uzito, kwani mkoba mtupu hubembea na kamera huliona hilo mara moja. Christie alikuja kumtabaruku kitabu cha mwaka 1962.

Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike aliipata kwa The V.I.P.s ya mwaka 1963, akiwa na miaka 71. Humo ni mwanamke wa ukoo mkubwa aliyefilisika, anasafiri kwenda kufanya kazi ili aokoe nyumba yake, naye anaogopa ndege. Vichekesho viko juu, dhiki iko chini, na hakuna onyesho ambamo dhiki hiyo imesahaulika.

Kwa zoezi, nachagua The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde. Rutherford alicheza Miss Prism, mwalimu wa nyumbani, jijini London mwaka 1939, akacheza Lady Bracknell, bibi mkali wa tabaka la juu, jijini New York mwaka 1947, kisha akamrudia Prism katika filamu ya Anthony Asquith ya mwaka 1952, Edith Evans akiwa Bracknell. Mwishoni mwa tamthilia Bracknell anamhoji Prism juu ya mtoto aliyepotea. Wawili wajifunze pande zote mbili za mahojiano hayo na wabadilishane kila baada ya mzunguko. Anayehojiwa aangalie ni swali gani linalombana pumzi alipokuwa Prism, kisha akigeuka Bracknell alitamke swali hilohilo polepole zaidi kuliko mengine. Anayeharakisha hapo bado anacheza mistari yake tu, hajamsikia mwenzake.