Je, wajua kwa nini mpaka wa Vita Baridi uligeuka makazi ya ndege?

Mpaka uliozigawa Ujerumani mbili ulikuwa na urefu wa kilomita 1,393: uzio wa chuma, minara ya walinzi na mabomu yapatayo milioni 1.3 yaliyotegwa ardhini miaka yote ile. Raia wa Ujerumani Mashariki aliyejaribu kutorokea Magharibi aliweza kupigwa risasi. Leo sehemu kubwa ya mpaka huo ni ukanda wa nyasi na vichaka, wenye upana wa mita 50 hadi 200 hivi, unaokatiza katikati ya mashamba.

Ndege walifuata nini mahali pa hatari namna hiyo? Walifuata utulivu. Askari wa Mashariki walifyeka miti ili waone mbali, na hakuna mkulima aliyeruhusiwa kutia jembe, mbolea wala dawa pale. Huko nje matrekta yalikuwa yakimaliza vichaka. Miaka ya 1970 kijana wa Magharibi, Kai Frobel, aliyekuwa akitazama ndege karibu na mji wa Coburg uliopakana na mpaka, aligundua kuwa ndege mdogo aitwaye Braunkehlchen, yaani koo la kahawia, alizaliana zaidi ndani ya ukanda ule. Hupenda kutua juu ya kijiti kilicho wazi, na nguzo za mpaka zilimfaa sana. Baridi ikikaribia huhamia Afrika, hadi Uganda, na hakuna mlinzi aliyewahi kumdai pasi.

Ukuta wa Berlin ulifunguka tarehe 9 Novemba 1989. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba, wanamazingira wapatao 400 wa pande zote mbili walikutana mjini Hof wakataka ukanda uhifadhiwe. Wakauita Grünes Band, Mkanda wa Kijani. Hawakuweza kungoja: jembe lilikuwa njiani.

Kuhifadhi huku si kuacha tu, na hapa ndipo wengi hukosea. Mabomu yalisakwa hadi 1995. Kisha, kwa kuwa wafyekaji walikuwa askari, walipoondoka miti ilianza kurudi, na msitu ukifunga, koo la kahawia huhama. Kwa hiyo kazi ya jeshi sasa inafanywa na kondoo na mashine za kukata nyasi.

Wazo hilo limeenea katika nchi 24 kando ya mpaka wa zamani wa Vita Baridi barani Ulaya, kilomita 12,500, kutoka Bahari ya Barents hadi Bahari Nyeusi. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo ushirikiano huenda kipande kwa kipande. Kwenye mto Thaya, Wacheki walianzisha hifadhi ya Podyjí mwaka 1991, Austria ikafuata ng'ambo na Thayatal mwaka 2000: bonde moja, hifadhi mbili. Finland na Urusi nazo zilikuwa na Hifadhi ya Urafiki tangu 1990. Mwaka 2023 Finland ilianza kujenga uzio mpya kwenye sehemu za mpaka wake na Urusi, uliokusudiwa kufikia kilomita 200 hivi.