Muda wa kusubiri ukiisha, msimkimbize mteja kulipa tena

Malalamiko ya wateja kukatwa pesa mara mbili yameongezeka, na mengi tukiyafuatilia yanaishia ndani ya programu ya simu. Tunawaandikia watengenezaji waliounganisha programu zao na mfumo wetu wa malipo.

Muda wa kusubiri ukiisha, maana yake simu imeacha kungoja jibu, basi. Pesa zimekwenda au hazikwenda, simu haijui. Mteja wa Kalangala, visiwani Uganda, anabonyeza "Lipa", ombi linafika kwenye seva, akaunti inakatwa, kisha mtandao unapotea kabla jibu halijarudi. Programu inamwandikia: "Imeshindikana, jaribu tena." Anajaribu, anakatwa tena. Tafadhali msiusingizie mtandao wa visiwani.

Kila maktaba ya kutuma maombi kwa seva ina muda wake wa kusubiri. OkHttp ya Android hungoja sekunde 10 kuunganisha, 10 kusoma na 10 kuandika, ila ombi zima halina kikomo mpaka ukiweke mwenyewe. URLSession ya iPhone huanza na sekunde 60. Axios ya JavaScript huja na 0, na 0 hapo ni kungoja bila mwisho. Wako wanaotuandikia, tena kwa kujiamini, kwamba wameiacha 0 "ili iwe haraka".

Kuweka sekunde 120 nako si dawa. Mteja huwa bado anaandika namba yake ya siri, na programu yako imeshasukumwa nyuma ya skrini. Seva ipokee ombi na kujibu mara moja. Programu iulize hali ya malipo baada ya sekunde 2, kisha 4, kisha 8, huku ikiandika "Tunahakiki malipo yako". Namba ya muamala itengenezwe na kuhifadhiwa kabla ya jaribio la kwanza, na majaribio yote yaitumie hiyo hiyo, ili seva ijue ni malipo yale yale.

Anayeleta lalamiko alete namba ya muamala, toleo la programu, tarehe, na saa ya Afrika Mashariki kwa mtindo wa saa 24. "Saa mbili" peke yake hatujui ni ya asubuhi au ya usiku. Kwenye rekodi za programu mnazotutumia, ficha tarakimu za katikati za namba za simu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019, kampuni ikitiwa hatiani inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Rekodi yenye namba ya siri ya mteja tutaifuta bila kuishughulikia, na lalamiko litaanza upya mwisho wa foleni.