Je, wajua kwa nini pikapu iliyoshushwa, yaani bodi yake ikakalishwa chini kuliko kawaida, hula matairi upande wa ndani?

Pitisha kiganja kwenye tairi la mbele la pikapu iliyoshushwa bila kupelekwa alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu. Kikienda upande mmoja kinateleza. Ukikirudisha, kinakwaruzwa kama umeshika msumeno.

Hilux nyingi za zamani zina mikono miwili mbele, wa juu na wa chini, na uzito hubebwa na chuma kirefu kinachojisokota, tosheni baa. Mkono wa juu ni mfupi. Bodi ikishuka, huo mfupi huvuta kichwa cha gurudumu ndani, tairi likakanyagia ukingo. Papo hapo tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu unapokata usukani, hubadili pembe na magurudumu huacha kutazama mbele sambamba. Watu hulaumu huko kulala kwa tairi kwa sababu kunaonekana; kinachomaliza mpira haraka ni huko kupishana kwa magurudumu.

Kushusha mbele, inua gari kwa jeki magurudumu yaning'inie, ndipo ulegeze bolti ya tosheni baa. Ukiilegeza ikiwa na mzigo, nyuzi zinachanika. Shusha gari, lisogeze mbele na nyuma mita chache likae, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Kwa gari la kila siku sentimita 3 zinatosha. Ukizidisha, mkono wa chini utagonga raba ya chesisi kila tuta. Alaimenti ni siku hiyohiyo.

Nyuma, chungulia kwanza. Ekseli ikiwa juu ya springi pleti, bloku ya chuma ya sentimita 5 kati yake na springi, pamoja na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli na springi) za saizi yake, italishusha. Ekseli ikiwa chini ya springi, bloku hiyohiyo italipandisha! Kataa bloku za mbao, bloku mbili zilizopangwa, na fundi anayetaka kuchomoa pleti.

Kuna kitu mafundi wengi hukiruka: valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kifimbo. Ekseli ikikaribia chesisi, valvu hudhani umepakia, inapeleka nguvu nyingi nyuma. Mvua ikinyesha, ukiteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni ya Kigoma, magurudumu ya nyuma yanajifunga na mkia unakimbia. Kifimbo kirekebishwe.

Sasa matairi. Dumu la lita 20 la mawese lina kama kilo 18, hivyo madumu 40 ni kilo 720. Tairi la pikapu la 195R14C lenye namba ya mzigo 106 hubeba kilo 950. Lile la gari dogo, 205/55R16 lenye namba 91, hubeba 615. Mawili ni 1,230. Ongeza uzito wa gari lenyewe unaolalia nyuma, nusu tani na ushee, umeshafika ukomo kabla shimo la kwanza halijakurusha. Ukuta wake pia ni sentimita 11 tu, dhidi ya zaidi ya 15, kwa hiyo shimo linapiga rimu moja kwa moja.

Na wanaolifunga ili gari lishuke hupata kidogo: kimo cha tairi kinapungua kama sentimita 3.4, lakini gari hushuka nusu yake tu. Dashi ikisoma 100, unakwenda kama 95.